Chokaa ya Mama Mburu

Waithira aliota ndoto moja maisha yake yote. Nimeisikia mara nyingi, mpaka nikifumba macho naiona kama yangu. Anatembea kwenye kilima cha baba yake huko Murang'a, asubuhi ya ukungu, na mgongoni amebeba gunia la mbegu za maharagwe. Mkanda wa ngozi umembana kwenye paji la uso, kama walivyobeba mizigo wanawake wa kwao tangu zamani. Amechoka, anatafuta mahali pa kutua. Lakini kila akiinama kuliweka gunia chini, udongo unafunguka polepole, bila sauti, na gunia linaanza kuzama. Analivuta, analibeba tena, anaendelea kutembea. Akiamka, shingo inamuuma.

Siku moja nilimwuliza kwa nini asiliache lizame tu apumzike. Alinitazama kama nimemwambia atupe mtoto mtoni. Akasema sisi watu wa ziwani tumezoea kuona vitu vikizama, lakini kwao mbegu haitupwi.

Ndivyo tulivyoongea. Mimi naitwa Awuor, ingawa mtaa mzima wa Langas, hapa Eldoret, uliniita Mama Adongo, na yeye Mama Mburu. Vyumba vyetu vilitenganishwa na ukuta wa mabati. Nikikaanga omena, dagaa wa ziwani kwetu, alikohoa kwa makusudi ili nisikie, na mimi nikisikia harufu ya irio zake, viazi na mahindi ya kupondwa, niliuliza kwa sauti kama kuna mgonjwa anapikiwa chakula cha hospitali. Kwa miaka yote hiyo hatukuwahi kugombana zaidi ya nusu siku.

Alikuja upande huu akiwa bibi harusi, mumewe akifanya kazi kwenye shamba la mzungu huko Kapseret. Mzungu alipoondoka shamba likagawanywa, mumewe akafa katikati ya shughuli hiyo, na nafasi yao ikafa naye. Mtoto wake mmoja, Mburu, alihamia Thika, na kurudi kwake kulikuwa Krismasi akikumbuka. Waithira alibaki akilima kipande cha kuazima, ukanda mwembamba kando ya ua wa mfuga ng'ombe mmoja huko huko Kapseret. Maharagwe aliyoyavuna hapo hakuyauza yote. Aliketi mlangoni akichagua mbegu moja moja, hii ndiyo, hii hapana, na uso wake ukilainika kama mtu anayesali. Nilikuwa namwonea wivu wakati huo. Mimi sikuwa na kazi yoyote iliyonifanya niwe na uso ule.

Sasa kuhusu bwawa. Chini ya barabara, unapoteremka kuelekea mto Sosiani, palikuwa na kiwanda cha ngozi, na nyuma yake bwawa walilomwaga maji machafu miaka na miaka: chumvi, manyoya, na dawa za kulainishia ngozi. Kiwanda kilifungwa mwaka ule wa njaa, tulipokula mahindi ya njano ya msaada, wenyewe wakaenda zao, wakatuachia bwawa. Maji yalikauka, likabaki tope jeusi, laini, kina chake kikizidi kimo cha mtu. Mbuzi akiingia hatoki. Na bado, Mungu anisamehe, lilikuwa zuri kulitazama. Asubuhi ukungu ulilala juu yake kama blanketi, na jua likichomoza upande wa Kaptagat tope lilitoa rangi ya kijani na zambarau kama shingo ya njiwa. Mara nyingi nilisimama pale na ndoo yangu nikasahau nilikokuwa naenda.

Manispaa ikaleta injinia kijana, Kibet, mtoto wa Sugoi, mpole, mwenye shati lililopigwa pasi hata siku ya matope. Alituita akinamama akatueleza. Tope lile lina sumu, alisema, na huwezi kulichota ukalitupa kwingine, maana huko nako kuna watu. Dawa yake ni kulifungia pale pale lilipo. Unalichanganya na chokaa kali, ile inayochemka ikikutana na maji, nayo chokaa inanyonya maji yote. Kisha unatia saruji, na saruji ikikaza, sumu inabaki humo ndani haina pa kwenda. Juu yake itamwagwa murram, ule udongo mwekundu wa barabara, na patakuwa soko. Kila mama atakayefanya kazi mpaka mwisho atapewa mahali pake pa kuuzia, kwenye mstari ule ule alioukanda kwa mikono yake.

Tulipiga makofi. Waithira alinyoosha mkono, akauliza mtu anaweza kupanda nini hapo.

"Hapana kupanda, Mama," Kibet alisema. "Hata mboga. Na hapana kuchimba, kabisa."

Waithira alikung'uta leso yake akaondoka. Njiani aliniambia kwamba ardhi isiyopandwa ni kaburi, na yeye bado hajafa. Sisi wengine tukaandikishwa kazi, yeye akarudi Kapseret kwenye ukanda wake.

Kisha yule mfuga ng'ombe akazeeka, mwanawe akarudi kutoka jeshini, akasogeza ua. Hakumtukana Waithira wala kumfukuza. Alimwambia tu kwa adabu kwamba ng'ombe wanahitaji majani. Nilimwona akirudi jioni ile na jembe begani, akaliosha vizuri, akalifuta kwa kitambaa, akalitundika ukutani. Siku hiyo sikumtania. Asubuhi alikuwa bwawani kabla yetu, amejifunga leso mbili, anamwuliza Kibet kama kuna nafasi.

Nafasi ilikuwapo moja. Bwawa lilikuwa limegawanywa kwa kamba za mkonge, mistari ikifuatana kutoka upande wa barabara hadi upande wa mto, na sisi tuliotangulia tulichukua ya mbele. Yeye akapewa wa mwisho kabisa, ulio kando ya ua wa mtoni.

Kazi ile nikiikumbuka leo ni kama niliota. Tope halikubeba hata mtoto, kwa hiyo hatukuweza kuingia kati. Tulianzia ukingoni. Tulimwaga chokaa, tukageuza kwa reki na majembe marefu, na tope likaanza kuchemka lenyewe, mvuke mweupe ukipanda katikati ya baridi ya Eldoret, kila mmoja akimwona mwenzake kama kivuli. Tukatia saruji, tukageuza tena, tukaacha. Baada ya siku kadhaa paligeuka kijivu, pakakaza, tukaweka mbao, tukasimama pale kukanda panapofuata. Unasimama juu ya kazi ya juma lililopita ili ufanye ya leo. Tulifanya kazi wote pamoja, mstari kwa mstari, kwa hiyo kila mwenye mstari alisaidiwa na wote, na wa Waithira ungekuwa wa kumalizia.

Chokaa ilitula ngozi. Tulijipaka mafuta ya kukamulia ng'ombe mikononi mpaka viwiko, tukanuka kama maziwa kutwa nzima. Waithira hakulalamika. Alikanda mistari ya wenzake kana kwamba ni yake, na wakati wa chai alikwenda kuketi peke yake mkabala na mstari wake, akiutazama. Nilimfuata mara moja, nikamkuta anazungumza nao kwa Kikuyu, polepole, kama mtu anayembembeleza ng'ombe asiyetaka kukamuliwa. Nikamwuliza si alisema ni kaburi. Akajibu kwamba hata kaburi, watu hupigania liwe lao.

Tulikuwa tumebakiza mstari huo mmoja tu chifu alipofika na lori.

Wasomaji wa siku hizi huenda hawajui mambo yalivyokuwa. Mgeni mkubwa akitarajiwa, kila jiwe kando ya barabara lilipaswa kuwa jeupe, na kila mti upakwe mpaka kiunoni. Watoto wa shule walipangwa juani kuimba, na sisi tulipewa matawi ya kupunga. Safari hii alikuwa anakuja waziri fulani. Chifu alitaka chokaa, chokaa ilikuwa kwetu, imefunikwa kwa turubai. Kibet alisema hii ni ya kazi. Chifu akamwuliza, kwa utaratibu kabisa, kama anataka aandike kwamba injinia wa manispaa amekataa kumpokea waziri. Kibet akatazama viatu vyake. Nilimkasirikia sana, ninakiri, lakini ni nani kati yetu aliyefungua mdomo? Magunia yote ya chokaa yalipandishwa kwenye lori. Saruji waliiacha, kwa kuwa saruji haipaki miti.

Mawe yakapakwa, kutoka njia panda mpaka uwanja wa shule. Tukajipanga barabarani, Waithira naye akiwa na tawi lake. Waziri alipita na vioo vya gari vimefungwa, vumbi likatufunika, na aliyekuwa mbele yangu aliapa kwamba mgeni alikuwa amelala. Mambo yakaisha hapo.

Manispaa ikamwambia Kibet angoje mwaka mwingine wa bajeti. Murram ikamwagwa, soko likafunguliwa, tukaingia na nyanya zetu na omena zetu kwa vigelegele. Nilisimama mahali pangu nikaruka ruka kama mtoto ili nione kama patatikisika. Hapakutikisika. Kisha nikatazama upande wa mto, nikaona mstari mmoja mweusi umezungushiwa kamba, nikaona haya kwa kuruka.

Tulimwambia Waithira tusogeane apate nafasi katikati yetu. Mimi mwenyewe nilimwambia achukue nusu ya pangu. Alikataa.

"Mama Adongo, nimekaa kwa ardhi ya kuazima maisha yangu yote," alisema. "Hii waliniahidi yangu."

Akawa anauza mbegu akiwa ameketi njiani, nje ya soko, juu ya sanduku la mbao. Na kila asubuhi, kutoka Langas mpaka hapo, alipita kando ya yale mawe meupe. Sikujua alichokuwa akiwaza mpaka siku moja alipoingia sokoni na jiwe mgongoni, mkanda umekaza kwenye paji la uso. Alitembea moja kwa moja hadi kwenye mstari wake, akainama, akalitupa ndani. Tope likalimeza polepole. Kesho yake akaleta lingine.

Tulidhani amerukwa na akili. Kibet alipopita kukagua, alichutama kando yake akamweleza kwa upole kwamba rangi ya jiwe moja haigandishi hata kikombe cha tope, na mawe matupu hayafungi sumu. Waithira alisikiliza mpaka mwisho. Alisema anajua mambo ya injinia ni ya kweli. Kisha akasema ile chokaa iliyo kwenye mawe ilikuwa ya mstari wake, na hata ikiwa kidogo namna gani, itarudi nyumbani. Na kesho yake alileta jiwe.

Niliogopa. Kila siku mapengo kando ya barabara yaliongezeka, kama meno ya mtoto, na mawe yale hayakuwa mawe tu. Mtu mmoja aling'oa mabango ya sherehe mwaka uliotangulia, akakaa ndani miezi. Nilimsihi aache. Aliniuliza kama miguu yangu ni mizima, basi nimsaidie kubeba.

Sikumsaidia. Heri niseme hivyo wazi.

Chifu alikuja mwenyewe, siku ya soko, na askari wawili, kwa sababu habari ilikuwa imefika kwamba waziri yule yule atapita tena Ijumaa. Lori lilikuwa nyuma yake limejaa chokaa mpya ya kupaka mawe upya. Alitaka kujua mawe yako wapi. Waithira alinyanyuka kwenye sanduku lake, akapangusa mikono kwenye leso.

"Ni mimi nimebeba," alisema.

"Kwa ruhusa ya nani, Mama?"

"Chifu, ulikuja hapa ukachukua ardhi yangu, ukapaka kwa mawe. Mimi nimeenda kuichukua. Sijachukua ya mtu."

Chifu alipaza sauti, akasema kwamba mawe yarudi yote kabla ya Ijumaa, na kama hayatarudi, huyu mama atalala ndani na hatakuwa na nafasi katika soko hili wala soko lingine lolote la lokesheni yake. Akaamuru lori lishushe magunia ya chokaa pale pale, chini ya turubai letu, maana mawingu yalikuwa yanakuja. Askari wakakaa kumlinda Waithira. Na yeye akarudi kwenye sanduku lake akaendelea kuchagua mbegu, hii ndiyo, hii hapana.

Ilikuwa karibu saa saba. Zamani zile, saa saba mchana redio iliwashwa kila duka, kwa sababu watu wakubwa walipandishwa na kushushwa kwenye taarifa ya habari, na wao wenyewe walisikia pamoja na sisi. Mwenye hoteli ya chai aliongeza sauti. Msomaji wa habari alianza na mambo ya mvua na mavuno. Kisha akasoma, kwa sauti ile ile ya mvua na mavuno, kwamba waziri fulani ameachishwa kazi kuanzia sasa.

Nilimtazama chifu. Alikuwa ameketi hapo hotelini, ameshika kikombe cha chai karibu na midomo, na chai haikufika. Nafikiri aliona yale mawe yote meupe aliyopaka kwa heshima ya mtu ambaye sasa hata jina lake lilikuwa la kutemwa. Aliona lori la chokaa mpya. Aliona watu wote wa soko wakimtazama. Aliweka kikombe chini taratibu, akamwita Kibet, aliyekuwa amekuja kukagua siku hiyo, akanong'ona, lakini mimi nilikuwa karibu na nilisikia.

"Hizi magunia," alisema, "nisizione hapa kesho."

"Nizipeleke wapi, Chifu?"

"Sitaki kujua. Zisionekane tu. Na mawe yaliyobaki huko barabarani pia."

Akaingia kwenye lori tupu akaenda, askari nyuma yake. Kibet alisimama akiangalia magunia, kisha mstari mweusi, kisha Waithira. Akavua saa yake ya mkononi akaitia mfukoni. Akaanza kukunja mikono ya shati lile lililopigwa pasi.

Hatukungoja kuambiwa. Nyanya ziliachwa bila wenyewe. Tulijipaka mafuta ya kukamulia, tukachukua reki, tukaingia kwenye mbao. Chokaa ilimwagwa, tope likachemka, mvuke ukapanda mwingi kuliko siku zote kwa sababu manyunyu yalikuwa yameanza, na ndani ya mvuke huo sikuona mtu, nilisikia tu pumzi na majembe. Katika weupe ule nilihisi kama sote tumeingia ndani ya ndoto ya mtu mmoja. Upande wangu wa kushoto Waithira alikuwa anaimba kitu kwa Kikuyu, chini chini. Tukatia saruji iliyongoja miezi yote hiyo. Jioni ilipofika, hakuna gunia hata moja lililoonekana, kama chifu alivyotaka.

Kisha tukangoja. Kibet alikuja kila baada ya siku chache na nondo yake, anaichoma chini na kusikiliza. Mwanzoni iliingia. Baadaye iliingia kwa shida. Siku nondo ilipogoma na kuruka mkononi mwake, aliinuka akafungua kamba za mkonge mwenyewe, akazikunja, akampa Waithira. Sijui kwa nini alimpa kamba. Alizipokea kwa mikono miwili.

Murram ikaja. Waithira akaweka sanduku lake pale, akafungua gunia la mbegu, na kwa miaka iliyofuata watu wa Kapseret, wa Sugoi, hata wa mbali, walipanda maharagwe yaliyopita mikononi mwake. Mtu akijaribu kupanda hata maua kando ya uzio wa mtoni, yeye ndiye aliyemkemea wa kwanza, akisema injinia alikataza. Mimi nilimkumbusha habari za kaburi. Alinitupia harage.

Lakini nilitaka kusema juu ya asubuhi moja. Ilikuwa ndiyo juma la kwanza ameketi mahali pake. Waithira hakuchelewa kazini hata siku moja maishani mwake, na asubuhi hiyo jua lilipanda, ukungu ukaisha, hajatokea. Nilikuwa nimeshaanza kufunga omena zangu nirudi Langas kumtazama nilipomwona anateremka barabarani pole pole, mikono mitupu, bila mkanda kichwani. Paji la uso lake lilikuwa na ule mfereji wa miaka yote, wazi.

Nilimwuliza kama ni mgonjwa. Akasema hapana, amelala kupita kiasi. Ameota tena.

"Ile ile?"

"Ile ile. Natembea, nimechoka, nikainama." Akatazama ardhi ya kijivu chini ya miguu yetu. "Mama Adongo, nikatua gunia. Ikakaa."

"Halafu?"

"Halafu nikalala hapo kando yake. Ndiyo maana nimechelewa."